Maji ya dagaa usiyatie kwenye ndoo za tungule (nyanya), soma kwanza

Usiyatie. Lile dumu la maji ya dagaa ulosema umeshalileta kutoka dikoni wanakowachemshia liondoe hapo juu ya paa leo hii, na kama ushatia ndoo mbili tatu za majaribio nenda kazimwagie maji matamu, yaani yasiyo na chumvi, mpaka yatoke chini, halafu ndo urudi usome.

Umeuliza baina ya mbolea ya maji ya samaki, ya mwani na ya kinyesi cha kuku ipi inafaa kwa tungule za kwenye ndoo zilizoanza maua, utie mara ngapi kwa wiki, na kama unaweza kupulizia majani. Halafu mwisho kabisa ukaandika kama jambo dogo tu kwamba kuna mtu kakwambia maji yaliyochemshiwa dagaa ndo mbolea ya samaki yenyewe, tena ya bure. Mstari huo ndo ulonifanya nikae niandike saa hizi za usiku, manake mimi nshayapita hayo na sitaki kuona mtu mwengine anabeba dumu lile ngazi kwa ngazi kama nilivobeba mimi.

Nilikuwa na ndoo 34, zile za rangi za lita 20, nimezitoboa chini, nimejaza udongo wa kinongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe ya zamani na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Miche niliihamishia ndooni Disemba, hesabu yangu ziive Ramadhani tungule zikipanda bei, na nshazungumza na mama mmoja wa Mwanakwerekwe, Unguja, azichukue zote. Zilikuwa nzuri mpaka majirani wanapanda juu kuziangalia. Zilipoanza maua nikaona majani ya chini yanapauka kidogo, nikauliza kwenye gurupu moja la WhatsApp la wakulima wa nyumbani. Akatokea jamaa, ana vidio zake, anaitwa mtaalamu na watu, akanambia hizo zina njaa, mbolea ya samaki ndo dawa, wenzetu Ulaya wanaiuza kwa chupa na sisi tunaimwaga, nenda kwenye majiko ya dagaa uchukue maji yao, changanya moja kwa kumi, tia mara mbili kwa wiki. Nikamuuliza, wallahi nilimuuliza, na ile chumvi? Akanijibu tungule zinapenda chumvi, ndo zinakuwa tamu.

Hapo ndo panaponiuma mpaka leo, kwa sababu alishika nusu ya ukweli. Ni kweli kuna wakulima wa banda kitalu wanaongeza chumvi kidogo makusudi ili tungule ziwe tamu, lakini wana mita ya kupimia chumvi, wanajua wametia kiasi gani na maji yanayotoka chini yana kiasi gani, na wanakubali tungule zitakuwa ndogo. Mimi sina mita, nna dumu la dagaa.

Sasa hebu fanya hesabu ambayo mimi niliifanya baadae nikiwa nshapata hasara. Dagaa wanachemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na pale nilipochukua mimi maji yale yale yalipikiwa sufuria baada ya sufuria na chumvi ya mfuko inaongezwa. Chukulia tu kwamba ni sawa na maji ya bahari, yaani gramu 35 za chumvi kwa lita moja. Ukiyachanganya moja kwa kumi unabaki na kama gramu tatu na nusu kwa kila lita. Nilikuwa natia lita mbili kila ndoo mara mbili kwa wiki, hizo ni gramu 14 kwa wiki, kwa wiki nne gramu 56. Kijiko cha chai cha chumvi ni kama gramu sita. Yaani kila ndoo niliitia vijiko tisa vya chumvi na mimi nafurahi nalisha mimea! Na kisima chetu cha uani maji yake yenyewe yana chumvi kwa mbali, hicho sijakihesabu.

Kwenye shamba la ardhini mvua ikija chumvi inashuka chini inakwenda zake. Kwenye ndoo haina pa kwenda. Jua la kaskazi linanyonya maji, mmea unanyonya maji, chumvi inabaki pale pale, na kila ukimwagilia kidogo kidogo ile ya kulowesha juu tu unazidi kuirundika. Januari na Februari ndo hamna mvua ya maana ya kukusaidia.

Ilivoanza, kingo za majani zikakauka kama zimepitishwa motoni. Halafu mchana mimea ikawa inanyauka na ukitia kidole udongo umeroa tele, mmea una kiu na miguu imo majini, na hiyo ni dalili mojawapo ya chumvi kuizidi mizizi nguvu, lakini mimi sikuijua. Juu ya udongo na pembeni ya ndoo pakafanya unga mweupe nikafikiri ni chokaa ya maji. Nikampelekea picha mtaalamu. Akasema bado zina njaa, ongeza, fanya moja kwa tano. Nikafanya! Siku ya pili maua yakaanza kupukutika, na zile tungule chache zilizoshika zikageuka nyeusi kitakoni, kwa sababu chumvi ikizidi mmea hauvuti kalsiamu vizuri hata kama imo kwenye udongo. Yeye akasema huo ni ugonjwa, ninunue dawa, na dawa anauza yeye. Nikanunua na dawa vilevile. Paka wa mtaa mzima na kunguru wamehamia juu kwangu kwa harufu ya dagaa, mume wangu ananiangalia tu hasemi kitu.

Alonambia ukweli ni mzee mmoja mkulima wa Pemba alokuja kwetu kwa mazishi. Alipanda juu, akakwaruza ule unga mweupe kwa ukucha, akaniuliza hizi umezitilia maji ya pwani? Basi.

Nikazikosha. Lita 60 za maji matamu kwa kila ndoo, yaani mara tatu ya ujazo wake, unamimina polepole unaacha yatoke chini unamimina tena, na maji nayapandisha kwa mikono kwa sababu pampu haifiki juu. Zilipona ndoo sita. Nyengine 28 nilizing'oa wiki moja kabla ya Ramadhani na yule mama wa Mwanakwerekwe nikaona haya kumpigia simu. Ukijumlisha ndoo, miche, samadi na ile dawa ni zaidi ya laki tatu, na yule jamaa nilipomuandikia akanitoa kwenye gurupu lake.

Kwa hiyo mimi mbolea yoyote ya maji siulizi kwanza ina nini, nauliza imepita kwenye chumvi? Ikiwa imepita haiingii kwenye ndoo yangu, hata ichanganywe moja kwa mia, hata iwe ya bure, hata iwe imeletwa na shekhe. Na ile nisoijua inapita kwenye choroko kwanza. Unachukua vikopo viwili, udongo mmoja, choroko kumi kumi, kimoja unakitilia maji matupu na kimoja ile mbolea ilivyochanganywa kama utakavyoitia. Siku nne tano unaona. Kama cha mbolea zimeota chache au zimetoka na ncha za kuungua, hiyo mbolea si yako. Choroko kumi bei gani? Mimi zingeniokolea laki tatu.

Sasa hizo zako. Samaki anafaa, lakini awe mbichi, vichwa na matumbo ya siku ile kutoka sokoni, hajatiwa chumvi wala hajasuuzwa kwa maji ya bahari, mnavundika na molasi kwenye ndoo yenye kifuniko wiki kadhaa. Ukinunua ya chupa ni kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne au tano, usizidishe, manake samaki ana naitrojeni nyingi na zako zishaanza maua, utapata msitu wa majani na tungule huzioni. Kinyesi cha kuku vivo hivo, na kibichi kinaunguza zaidi, kama unacho kisubirishe kioze. Mwani una potasiamu na hauna naitrojeni ya kutisha, kwa sasa ndo ningeuchagua mimi, lakini ule unaookotwa pwani Paje au Jambiani umejaa chumvi, mtu anaukata kata anautia ndooni vile vile ulivo na hapo tumerudi kwenye dagaa. Ukoshe kwa maji matamu mara tatu nne, au uache upigwe na mvua za masika kwanza, ndo uuroweke. Na majivu ambayo umetajiwa na mchangiaji mwengine usiyaguse kama udongo wako umechanganywa na mchanga wa pwani, mchanga ule una chokaa tayari na majivu yatazidisha.

Lakini kwanza niandikie hapa hapa, ushatia ndoo ngapi na lini, na pembeni ya ndoo pana unga mweupe au bado? Na maji yenu hapo ni ya bomba au ya kisima? Kama ni ya kisima chenye chumvi usikoshee hayo, nunua ya gari hata kama ni kwa hizo ndoo tu ulizozigusa.