Kufungua nyumba kwa kila mtu siku moja: inalipa au ni kupoteza muda?

Mleta uzi umeuliza kama kuna faida kutenga siku, ukafungua nyumba inayouzwa na kuruhusu yeyote aingie kutazama. Mimi ni dalali, nina miaka tisa kwenye kazi hii, acha nikujibu kwa niliyoyaona.

Nyumba yenyewe ni nadra kuuzwa siku hiyo. Mwenye nyumba anategemea foleni ya wanunuzi, kumbe nusu ya wanaoingia ni majirani ambao siku zote wanatamani kujua jiko la mwenzao likoje. Mwanzoni walikuwa wananikera sana. Kuna mmoja alikagua vigae vya bafuni kwa dakika ishirini, akashukuru, akaenda zake nyumba ya pili.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumruhusu mwenye nyumba abaki. Mzee alikaa sebuleni na gazeti lake, na kila aliyeingia akawa ananong'ona kama yuko msibani. Mama mmoja, ambaye mpaka hapo alionekana kuipenda nyumba, akaniuliza kwa sauti ya chini kuhusu doa la maji kwenye dari. Kabla sijafungua mdomo mzee akadakia: "Hilo mbona la siku nyingi, halina shida!" Mama alitabasamu, akamtazama mumewe, na sikuwaona tena. Tangu siku hiyo, mwenye nyumba lazima aondoke, na doa linarekebishwa kabla, au nalisema mwenyewe mapema.

Vitu vya thamani, hati na dawa vifungiwe. Dawa hasa, watu wengi huzisahau. Nimewahi kumkuta mtu mzima, suti safi, mkono uko ndani ya kabati la dawa. Ati anaangalia kina chake! Usisimamie peke yako ukiweza kupata mwenzako, na mgeni atangulie kuingia chumbani, wewe ubaki upande wa mlango.

Sasa mnunuzi utamjuaje? Anayesifu kila kitu mara nyingi ndiyo anaaga hivyo. Mwenye nia huwa kimya. Anafungua bomba, anasubiri maji ya moto yafike, anafunga. Anauliza jua la jioni linapiga chumba gani. Nilikuwa na dada mmoja alitoa tepu mkobani akapima upenyo wa friji mara mbili, kisha akaandika kiganjani. Nyumba ile hakuichukua, friji lilizidi kidogo tu, lakini wiki tatu baadaye nilimpatia nyingine. Wateja wangu wengi nimewapata hivyo, kwa nyumba wasiyoinunua.

Kwa hiyo daftari la wageni liwe mlangoni, jina na namba ya simu. Wengine wataandika namba za uongo, usigombane nao. Waliobaki wapigie jioni ileile, ukingoja hadi katikati ya wiki wameshachanganya nyumba yako na nyingine nne walizoziona.

Na ile nyumba ya mzee wa gazeti? Tulipaka dari, tukafungua tena mara mbili bila mafanikio. Ikauzwa mwezi wa pili kwa mtu aliyeletwa na jirani. Yuleyule wa vigae.