Kuku inasal wa Bacolod: usimlaze kwenye siki

Wengi wanaojaribu inasal, kuku wa kuchoma wa Kifilipino, nyumbani humharibu kuku kabla hajafika jikoni, kwa kumroweka usiku kucha. Kuku wa mtindi huvumilia hilo. Huyu wa Bacolod, mji wa kisiwa cha Negros huko Ufilipino, anarowekwa kwenye siki na maji ya kalamansi, tunda dogo chachu la jamii ya ndimu. Akilala humo hadi asubuhi, nyama ya juu inageuka nyeupe na kulegea, na ikichomwa inakuwa kavu kama chaki. Saa 2 hadi 4 zinatosha.

Anza na paja lililoungana na mguu, ambalo wenyeji huliita paa. Kidari, pecho kwao, hukauka upesi. Chanja nyama mara mbili tatu mpaka kwenye mfupa, la sivyo nje itaiva na ndani kubaki damu.

Kwa vipande 4, kama kilo moja na robo: siki ya nazi nusu kikombe, maji ya kalamansi robo kikombe (ukiikosa, ndimu na tone la chungwa), saumu punje 8, tangawizi ukubwa wa kidole gumba, chumvi kijiko kimoja cha chakula, pilipili manga, sukari ya kahawia kijiko kimoja tu. Sukari ikizidi, ngozi inaungua mafuta yakiwa bado hayajayeyuka. Mashina 3 ya mchaichai yaponde yakiwa mazima, usiyakatekate, maana vipande vidogo hung'ang'ania nyama na kuwa makaa. Saumu nayo ipanguse kabla ya kuchoma. Sosi ya soya isiingie humu; mahali pake ni mezani.

Kinachomtenga inasal na kuku yeyote wa kuchoma ni mafuta ya mzingefuri, mmea wa mbegu nyekundu za kutia rangi, ndio ule ule wanaoujua watu wa pwani. Weka vijiko 2 vya mbegu kwenye nusu kikombe cha mafuta, moto mdogo kabisa. Vipovu vidogo vitaanza kuzizunguka mbegu na mafuta yatawiva rangi kama kigae kipya. Dakika 3 au 4, epua, chuja. Mbegu zikishakuwa nyeusi mafuta yamekuwa machungu; yamwage uanze upya. Ongeza siagi kidogo na chumvi. (Na vua shati jeupe, doa lake halitoki.)

Mkaa uache mpaka ufunikwe na jivu. Kiganja kikivumilia sekunde 4 au 5 juu ya wavu, moto uko sawa. Tanguliza upande wa mfupa, geuza kila baada ya dakika 5, na usipake mafuta dakika 10 za mwanzo: yakidondoka mapema yanawasha ndimi za moto, na masizi yanaganda kwenye ngozi. Baadaye paka kila unapogeuza, kwa shina la mchaichai lililopondwa ncha. Dakika 35 hadi 40, mpaka maji ya karibu na mfupa yatoke meupe.

Mafuta yaliyobaki mwagia wali wa saumu, bila uchoyo. Pembeni iwepo sinamak, siki iliyotiwa pilipili, saumu na khulinjani (ndugu yake tangawizi). Hiyo haitaki haraka: itie chupani siku tatu kabla ya kununua kuku.