Viza ya Mwenza: Niombe Nairobi au Dar es Salaam? Jibu Langu kwa Dada wa Bagamoyo

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja, mzaliwa wa Bagamoyo, ambaye ameolewa na Mjerumani na sasa anataka kumfuata mumewe Ujerumani. Hakueleza mengi. Aliuliza tu kama ni afadhali apeleke maombi yake ya viza Nairobi, ambako amesikia kwamba foleni ni fupi, au avumilie Dar es Salaam. Nilipousoma nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu swali hilohilo ndilo lililonila mwaka mzima pamoja na akiba ya mshahara wangu wa ualimu, na katika wote walionishauri vibaya wakati ule hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba radhi.

Nianze na hali yangu, maana ushauri usio na kisa ni kelele. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Mume wangu ni kijana wa Makorora aliyekwenda Ujerumani kusoma, akapata kazi, akabaki, na hatimaye akachukua uraia wa huko. Sheria ya Ujerumani ya wakati ule ilimtaka auache uraia wake wa kwanza, na sheria yetu nayo hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, kwa hiyo mtu aliyezaliwa hospitali ya Bombo, Tanga, na kusomeshwa kwa fedha za katani ya baba yake anapokuja kutuona hupanga foleni ya wageni pale uwanja wa ndege. Ujerumani ililegeza sheria yake mwezi Juni 2024, lakini kwetu maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Nalitaja jambo hili kwa sababu uraia wa mwenzako ndio unaoamua ni masharti gani yatakukuta. Mke wa raia wa Ujerumani halipi ada ya viza, na kwa kawaida mume haulizwi sana habari za kipato. Mke wa mgeni anayeishi Ujerumani kwa kibali hulipa euro 75, na mumewe hutakiwa kuonyesha mshahara na ukubwa wa nyumba.

Tulifunga ndoa Tanga mwezi Desemba 2022. Tangazo la siku 21 linalotakiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 lilikaa ubaoni, mume wangu alileta cheti kutoka ofisi ya usajili ya mji wake kinachothibitisha kwamba hakuna kizuizi cha ndoa, pilau ikaliwa, na baada ya wiki mbili akarudi kazini kwake. Hapo ndipo mashauri yalipoanza kunijia kutoka kila upande.

Shemeji yangu ndiye aliyetangulia. Alisema Dar es Salaam ni mbali na watu wanaomba viza ni wengi, ilhali kutoka Tanga hadi mpaka wa Horohoro ni kilomita 65 tu, ukivuka uko Lungalunga, na kabla ya adhuhuri umekwisha kuingia Mombasa kwa shangazi. Kwa mtu wa Tanga maneno hayo yana ladha. Mombasa kwetu ni pua na mdomo. Tunaozeana, tunazikana, na lahaja zetu zinaelewana kuliko tunavyoelewana na watu wa bara. Kwa hiyo niliona kwamba Kenya ni nyumbani, na kama ni nyumbani, basi kuombea viza Nairobi hakuna tofauti na kuombea Dar es Salaam. Niliomba likizo bila malipo, nikapanda gari stendi ya Kange nikiwa na bahasha ya vyeti kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Nilikaa Mombasa miezi minne. Shangazi alinipokea kwa moyo mmoja, lakini nyumba ya watu hata ikiwa ya damu yako ina mipaka yake, na mwezi wa tatu nilianza kuosha vyombo ambavyo sikuvilia. Kulikuwa na wakala, simtaji, aliyeniahidi kwamba atanipatia miadi ndani ya wiki mbili. Alichukua fedha ya kwanza kwa ajili ya kuweka miadi, akachukua ya pili kwa ajili ya kuharakisha, na alipotaka ya tatu kwa ajili ya jambo ambalo hata yeye alishindwa kulipa jina, nikaamua kuwaandikia ubalozi wa Ujerumani Nairobi barua pepe mwenyewe na kuuliza utaratibu. Jibu lilikuja la heshima na fupi: maombi hupokelewa kutoka kwa watu wanaoishi Kenya, je, nina kibali cha kuishi?

Sikuwa nacho. Nilichokuwa nacho ni muhuri wa mpakani. Sisi raia wa Afrika Mashariki tunaruhusiwa kutembelea nchi ya jirani hadi miezi 6, na mimi niliuona muhuri ule kuwa ni ukaazi, kumbe ulikuwa unasema kinyume chake kabisa, kwamba mwenye pasipoti hii ni mgeni anayepita. Sikuwa na kibali cha kazi, sikuwa na kitambulisho cha mgeni mkaazi, sikuwa na mkataba wa nyumba. Nilikuwa na godoro chumbani kwa binti ya shangazi. Tanga tuna msemo wetu wa kujivunia ukarimu na misafara, kwamba ni mji wa waja leo waondoka leo. Siku ile msemo ulinigeukia mimi.

Dada yangu, na wengine mnaonisoma ambao najua mnatamani kuungana na wenzenu haraka kama nilivyotamani, lishikeni hili kabla ya jingine lolote: ubalozi wa kuomba viza ya mwenza hauchaguliwi kwa urefu wa foleni wala kwa wepesi wa nauli. Unafuata mahali unapoishi, na kuishi maana yake ni kule ambako makaratasi yako yanakubali kwamba unaishi. Wajerumani huangalia makazi ya kawaida ya mwombaji. Mtanzania mwenye kibali cha kazi Nairobi aombe Nairobi; Mtanzania wa Tanga aliyekwenda Mombasa kwa shangazi arudi Dar es Salaam.

Ziko sababu za hili, na ningezijua mapema nisingepoteza miezi ile. Ubalozi hauamui peke yake. Jalada lako likishapokelewa hupelekwa Ujerumani, kwenye ofisi ya wageni ya mji anaoishi mwenzako, ambayo wenyewe huiita Ausländerbehörde, na ofisi hiyo ndiyo inayomwita mumeo, inayokagua, na inayotoa ridhaa. Kwa hiyo hata ukipata dirisha lenye foleni fupi kuliko yote duniani, sehemu kubwa ya kusubiri kwako itakuwa ni mezani kwa ofisa mmoja wa mji usioujua, na meza hiyo ni ileile uwe umeombea Dar es Salaam au Nairobi. Pili, vyeti vyako vya kuzaliwa na vya ndoa vimetoka kwenye daftari za Tanzania, na vikihitaji kuhakikiwa au kusahihishwa, mtu wa kwenda RITA, ofisi ya serikali inayosajili vizazi na ndoa, ni wewe au ndugu yako. Jina la baba yangu limeandikwa kwa herufi mbili tofauti katika vyeti viwili. Nilipokuwa Mombasa kosa hilo dogo lilikuwa mlima. Niliporudi lilikuwa safari chache za kuudhi.

Nilirudi Tanga kimyakimya, lakini mji ule haufichi kitu. Wifi yangu mmoja aliwahi kusema mbele ya watu, katika shughuli ya arobaini, kwamba mke wa Ulaya amerudishwa Lungalunga. Watu walicheka. Nami nilicheka pamoja nao, na nimesahau mengi ya mwaka ule, lakini kicheko hicho nakikumbuka mpaka sauti zake.

Wakati huo ukaja ushauri wa pili, na huu ni mbaya zaidi kwa sababu unafanana na ujanja. Niliambiwa niombe viza ya matembezi ya siku 90, nikifika nikae na mume wangu, kisha tukabadilishie hukohuko. Watu huutoa ushauri huu kwa kujiamini sana, na husimulia habari za Mmarekani fulani aliyefanya hivyo bila taabu. Ni kweli kwamba Wamarekani, Waingereza, Wajapani na mataifa mengine machache wanaruhusiwa kuingia Ujerumani na kuomba kibali wakiwa ndani. Sisi hatumo katika orodha hiyo. Sheria yao ya ukaazi inamtaka mtu wa pasipoti yetu aingie na viza ya lengo lile lile analokusudia, na ingawa kuna hali za pekee ambazo ofisi inaweza kumsamehe mtu, huwezi kupanga maisha yako kwa kutegemea msamaha. Namfahamu mwenzetu aliyekwenda kwa viza ya matembezi, akavuka Denmark akaolewa huko, ambako ndoa za wageni hufungwa kwa urahisi, akarudi Ujerumani na cheti kizuri cha ndoa. Ndoa ilitambuliwa. Yeye aliambiwa arudi kwao akaombe viza inayostahili. Sasa yuko Dar es Salaam anasubiri kama sisi wengine, isipokuwa yeye ameshalipa nauli ya kwenda na kurudi.

Uongo wa aina hii, wa kumwambia ofisa kwamba unakwenda kutembea ilhali moyoni umehama, mimi sikuuweza, na namshukuru Mola kwa kutouweza. Nawaomba nanyi msiuweze. Ndoa inayoanzia kwenye fomu ya uongo itadaiwa maelezo siku zote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mstari, nami nitayapita upesi kwa kuwa hayana raha ya kusimulia. Nilisoma Kijerumani. Mke wa raia wa Ujerumani hutakiwa kuonyesha cheti cha kiwango cha A1, yaani kile cha mwanzo kabisa, kabla ya viza, na mtihani una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, ambapo unahitaji alama 60 kati ya 100. Mara ya kwanza nilipata 54. Mwalimu wa sekondari, mwenye kusahihisha madaftari ya wenzake, nikapata 54! Nililala kwa mamdogo Mbagala siku mbili bila kumpigia simu mume wangu. Mara ya pili nilipata 81, na nimekitia cheti hicho katika fremu, anayetaka kuniona mwenye majivuno na anione.

Hapa kuna jambo ambalo lingeweza kuiokoa safari yangu ya Kenya, na ni vizuri mlijue. Mtihani haufungwi na ubalozi. Cheti cha Goethe-Institut, taasisi ya Wajerumani inayofundisha lugha yao na kuitahini, ni kilekile ukikifanyia Upanga, Dar es Salaam, au ukikifanyia Nairobi. Kwa hiyo ukikosa nafasi ya mtihani nchini, vuka mpaka ukafanye mtihani, hakuna atakayekuuliza unaishi wapi; kisha urudi na cheti chako uombe viza nyumbani. Mimi nilivuka kwa jambo lisiloruhusiwa, na lile lililoruhusiwa sikulifikiria.

Maombi yenyewe niliyawasilisha Dar es Salaam mwaka 2024. Nilitoka Kange usiku, nikafika asubuhi, nikaingia Umoja House, jengo lenye ubalozi wa Ujerumani, nikiwa na kila karatasi katika nakala mbili na tafsiri zake za Kijerumani. Niliulizwa tulikutana wapi, nani alihudhuria ndoa, mume wangu anafanya kazi gani. Nilijibu kweli, kwa hiyo sikuhitaji kukumbuka kitu. Jalada likaenda Ujerumani, likakaa, mume wangu akaitwa akaongea nao, likakaa tena. Mwanzoni mwa 2025 nikapigiwa simu nipeleke pasipoti. Wifi yangu alikuwa wa pili kunipongeza, na nilimjibu vizuri.

Ningependa mchukue jalada la kwanza kama ndilo la mwisho. Zamani aliyenyimwa viza aliweza kuandika barua ya malalamiko kwa ubalozi ili uamuzi uangaliwe upya. Njia hiyo ilifutwa duniani kote tarehe 1 Julai 2025, na sasa aliyekataliwa ama anaomba upya ama anakwenda mahakama ya utawala ya Berlin. Mtu wa mshahara wetu anayepeleka karatasi pungufu kwa matumaini ya kuzitetea baadaye ajiulize wakili wa Berlin atamlipa kwa kitu gani.

Nilikuwa nimekwisha kuandika yote haya, kwa hasira kidogo nakiri, ndipo nilipokumbuka kwamba sikumuuliza yule dada swali ambalo mimi mwenyewe niliulizwa kwa barua pepe. Nikamwandikia: una kibali cha kuishi Kenya? Akajibu jana jioni. Amekuwa akifanya kazi Nairobi tangu 2022, ana kibali cha kazi, ana kitambulisho cha mgeni mkaazi na nyumba ya kupanga kwa jina lake. Bagamoyo huenda Idi kwa Idi tu. Alidhani kwamba kwa kuwa ni Mtanzania atalazimika kurudi Dar es Salaam.

Basi dada yangu, wewe omba Nairobi. Ila umeniambia kwamba kibali chako kinakwisha Januari. Kakihuishe kwanza, na nakala ya kile kipya iwe juu kabisa katika bahasha yako.