Maji ya kuchemsha Kilimanjaro: vijidudu vinakufa kweli?

Mkuu, umeuliza kama maji ya kuchemsha kule juu ni salama, maana umesikia yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Nimefanya kazi ya upishi njia ya Machame, nakujibu kwa ninachokijua.

Ni kweli, kambi ya Barafu, takriban mita 4,600, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi. Ndiyo maana maharage kule hayaivi, utamaliza gesi bure. Nadhani hofu inaanzia hapo: mtu akiona maharage bado magumu, anadhani na vijidudu vimesalimika. Havijasalimika. Maziwa ya kiwandani mara nyingi hupashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu, na vijidudu vya maradhi vinakufa. Kipindupindu, homa ya matumbo, amiba, giadia, vyote havihimili moto wa nyuzi 85. Yaache yatokote kwelikweli dakika tatu, yanatosha. Ila usipokee maji yaliyoanza kutoa mvuke tu kwa sababu mpishi anabana gesi. Mwambie ayarudishe jikoni, ni afya yako. Na usiyamwage ovyo: Barafu hakuna chanzo cha maji, wagumu, yaani wapagazi, wanayapandisha kutoka bonde la Karanga.

Vidonge vya klorini ni vizuri kuwa navyo, lakini soma pakiti. Vingi vinavyouzwa madukani ni vya dumu la lita 20, usitumbukize kizima kwenye chupa ya lita moja. Kwa kawaida unasubiri nusu saa. Maji ya mlimani ni baridi na dawa inafanya kazi polepole, mimi husubiri saa nzima. Yakiwa na tope, chuja kwanza kwa kitambaa safi. Halafu kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidiamu, klorini hakiijali, kwa hiyo gesi ikiwepo, chemsha.

Wenye vichujio vya kisasa: maji yakiganda ndani usiku, vinyuzi vyembamba vya kuchujia hupasuka na kwa macho huoni kitu. Lala nacho ndani ya begi la kulalia.

Umesema pia utapita Mlima Meru. Maji mengi ya upande ule yana floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Hiyo haiondoki kwa moto wala kwa kidonge. Ukichemsha sana, maji yanapungua na yenyewe inazidi kukolea. Kwa mgeni wa siku chache haina neno. Anayeishi kule na watoto wadogo ndiye wa kutafuta chanzo kingine.