Viatu vya kuvaa kwenye boti

Umeuliza kama raba zako za kukimbilia zitafaa kwa safari ya boti. Kwa kweli sikushauri. Nyingi zina soli yenye mabonde makubwa. Hunasa mchanga na kokoto zinazokwaruza sitaha, na zikilowa huchelewa kukauka. Tafuta soli bapa ya mpira laini, iliyochanjwa mistari myembamba, ili maji yapate pa kupita na mpira ushike sakafu. Paul Sperry wa Marekani alibuni soli hiyo mwaka 1935, baada ya kumwona mbwa wake akikimbia kwenye barafu bila kuteleza. Soli nyeusi huweza kuacha alama, kwa hiyo muulize nahodha kwanza. Kandambili ziache kabisa, tafadhali. Huchomoka mguuni wakati ule ule boti inapoyumba.