Nani kachukua bahari?

SWALI: Shikamoo Bi Mapokezi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Juzi mama mmoja wa Kijerumani kaamka, kanywa chai, kashuka pwani na taulo lake, kakuta maji yamekwenda mpaka mwambani. Akaniuliza nani kachukua bahari. Nikacheka. Kwenye daftari la wageni kaandika kuwa nimemdanganya. Kupwa na kujaa ni kosa langu?

Mwenye nyumba, Jambiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kucheka ndiko kulikokuponza. Hebu niambie, ile picha uliyomtumia kabla hajalipa ilipigwa saa ngapi? Maji yalikuwa yamejaa pomoni, naapa bila kuiona. Nimekaa mapokezi miaka 19, Paje kisha Nungwi, na sote tulipiga hivyohivyo.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukifika kumi na tano, maji yetu hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Mgeni ndiyo kwanza anamaliza mkate wake! Jioni saa kumi yamejaa tena, lakini yeye keshanuna. Basi kila usiku andika ubaoni saa za kesho. Husogea mbele kama dakika 50 kwa siku. Asubuhi ya maji kupwa, mpe viatu vya mpira na mtu wa kumpeleka kwenye mashamba ya mwani. Kamera aombe ruhusa kwanza. Wale kina mama wako kazini, na wamechoka kupigwa picha wameinama.

Anayetaka kuogelea kutwa, mwambie mapema aende Nungwi au Kendwa, huko maji hayaendi mbali. Najua inauma. Nikiwa Paje niliwaelekeza hivyo mke na mume fulani, bosi akaninunia wiki nzima. Mwaka wa pili walirudi: siku nne Kendwa, sita kwetu, wakamleta na dada mtu. Wakaulizia ubao wa maji kabla ya funguo.

Huyo mama mwandikie. Usimwombe radhi kwa bahari, mwombe kwa picha, na kwa kile kicheko. Kisha siku ya bamvua, saa nne asubuhi, simama palepale ulipopigia ile ya kwanza upige nyingine. Zitume zote mbili pamoja, na saa zake chini.