Kiwakilishi kikae wapi? Maswali yenu kuhusu vitenzi vya Kiingereza

Maswali ya safari hii yanahusu vile vijineno vya Kiingereza, "up", "on", "off", "to" na wenzao, vinavyofuatana na vitenzi. Wengi wenu mnavielewa mkivisoma, ila inapofika zamu ya kuandika mnakwama palepale: "it", "him" na "them" zikae wapi?

Nikiandika "turn on the light" napata vema. Nikiandika "turn the light on" napata vema tena. Kwa nini "turn on it" ni kosa?

Nomino ina ruhusa ya kukaa upande wowote wa kijineno. Kiwakilishi kifupi, yaani "me", "you", "him", "her", "it", "us" na "them", hakina ruhusa hiyo. Lazima kikae katikati: "turn it on", "pick her up", "throw them away".

Sababu yenyewe si ngumu. Kiingereza hupenda jambo jipya lije mwishoni mwa sentensi. Ukisema "it", msikilizaji tayari anajua unachozungumzia, kwa hiyo neno hilo halina uzito wa kukaa mwishoni. Hutamkwa haraka, bila mkazo, likiwa limebanwa na kitenzi. Sisi tumevuka hata hapo: tunasema "nimeiwasha", kiwakilishi kimo ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni.

Nomino ikiwa ndefu, mambo hugeuka. "Throw away the papers that I left on the table" inasomeka vizuri. Ukiisogeza "away" hadi baada ya "table", msomaji atafika huko akiwa amesahau kitenzi kilikuwa kipi.

Mbona basi "look after her" haiwi "look her after"?

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu ndilo shina la matatizo mengine. Vijineno hivi vina kazi mbili tofauti ingawa sura ni ileile. Kuna wakati kijineno ni sehemu ya kitenzi, kama kielezi kilichogandamana nacho: "pick up", "switch off", "look up" kwa maana ya kutafuta neno katika kamusi. Hapo kiwakilishi huingia katikati. Kuna wakati kijineno ni kihusishi cha kweli, chenye kushika nomino inayokifuata: "look after", "look at", "listen to". Kihusishi hakikubali kuachana na neno lake, basi kiwakilishi hubaki nyuma yake.

Utajuaje kipi ni kipi? Jaribu kupenyeza neno "quickly" kati ya kitenzi na kijineno. "She looked quickly at it" inapita. "She switched quickly off the light" inakwaruza sikio. Au sikiliza mkazo: katika "look it up" sauti hupanda kwenye "up", lakini katika "look at it" hupanda kwenye "look", na "at" hupita kimyakimya.

Tazama sasa maneno yaleyale yakibadili maana kwa sababu ya nafasi tu. "I saw through him" ni kwamba nilimng'amua, hila zake hazikunipata. "I saw him through" ni kwamba nilisimama naye mpaka akavuka salama. "He ran up it", huenda ni mlima; alipanda mbio. "He ran it up", huenda ni deni, alijilimbikizia mwenyewe. Anayesema nafasi ya kiwakilishi ni urembo tu ajaribu kuzichanganya hizo mbele ya mtu anayemdai.

Na vitenzi vyenye vijineno viwili, kama "put up with"?

Kiwakilishi huenda mwisho, kwa sababu kijineno cha mwisho ni kihusishi: "put up with it", "look down on them". Ndiyo maana pia tunaandika "I look forward to meeting you", wala si "to meet you". Hiyo "to" ni kihusishi.

Kwa nini "explain me" na "wait me" si sahihi?

Kwa sababu umezifikiria kwa Kiswahili. Sisi tunasema "nieleze", "ningoje", "nisikilize", na tukitaka kuonyesha kitendo kinamlenga nani, tunapachika kauli ya kutendea: "niandikie", "nisomee". Kiingereza hakina kiambishi hicho. Kazi yake hufanywa na kihusishi kilichosimama nje: "explain it to me", "wait for me", "listen to me", "read it to me".

Baada ya kusahihishwa mara nyingi, watu hukimbilia upande wa pili na kuanza kumwaga vihusishi kila mahali. Ndipo tunapata "discuss about it" na "cope up with it". Ni "discuss it" na "cope with it". Na aliyeoa au kuolewa ni "married to", si "married with", hata kama kwetu watu huoana na wenzao.

Mhariri wangu amekata "him" katika "the man whom I talked to him". Halafu akanikataza kumalizia sentensi kwa "to". Yuko sahihi?

La kwanza, ndiyo. Umefuata "mtu niliyezungumza naye", ambamo mtu huyo anatajwa kwenye "-ye-" na tena kwenye "naye". Kiingereza humtaja mara moja: "the man I talked to".

La pili, hapana. Katazo hilo lina historia ya ajabu. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, aliyekuwa amekwisha kufa, kwa kumalizia sentensi kwa vihusishi. Kisha akarudi kwenye insha yake mwenyewe ya 1668, na katika toleo la 1684 akaziondoa sentensi za namna hiyo. Mwaka 1762 Robert Lowth, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza, aliandika kwamba mtindo huo unafaa mazungumzo, na kwamba maandishi mazito hupendeza zaidi bila huo. Hilo ni pendekezo. Walimu waliokuja baadaye ndio walioligeuza amri. Andika "to whom I talked" katika barua rasmi ukipenda. Kwingine kote, acha "to" ikae mwishoni.

"Between you and I" au "between you and me"?

"Me". Baada ya kihusishi huja "me", "him", "her", "us" au "them", hata kukiwa na "you and" mbele. Hakuna anayesema "with I", basi usiseme "with my brother and I".